Mwaka niliolala kama mjusi

Lilikuwa dumu la kumi na mbili kati ya kumi na nne. Mawese ya Simbo, mekundu hasa, yale ambayo asubuhi ya baridi yanaganda mpaka unayachota kwa kijiko. Bajaji ilikuwa imerudi kinyumenyume hadi kibarazani, dereva anachezea simu, na mimi kwa kiherehere changu nikaona nisimsumbue kijana wa watu. Nikainama magoti yakiwa yamenyooka, nikashika kishikio kwa mkono wa kulia, nikanyanyua, na kabla sijasimama wima nikageuza kiuno ili dumu lifike ndani ya bajaji. Dumu lilifika. Mimi nikabaki nimepinda, mkono mmoja kwenye bomba la bajaji, nikitazama vidole vyangu vya miguu kama mtu aliyedondosha shilingi.

Dumu la lita 20 la mawese ni kilo 18 hivi, jepesi kuliko la maji. Nimeyabeba tangu sijaoa. Siku hiyo mawili yaliyobaki aliyapakia mke wangu huku akinisema.

Mgongo wenyewe ulilegea baada ya siku nne. Kilichonimaliza ni mguu. Maumivu yalianzia kwenye tako la kushoto, yakashuka ubavuni mwa paja, yakapita upande wa nje wa muundi, yakaja kuishia juu ya mguu, kwenye kidole gumba. Maumivu ya uchovu nayajua. Haya yalikuwa umeme. Nikikaa dakika kumi, umeme. Nikikohoa, umeme. Chafya ikinijia natafuta kwanza ukuta wa kushikilia. Choo chetu ni cha kuchuchumaa, na hapo sielezi zaidi.

Nina kibanda cha steshenari na fotokopi hapa Mwanga, Kigoma mjini. Mawese ni biashara ya pembeni, natuma Dar. Kwa hiyo kazi yangu ni kukaa kutwa, halafu mara moja kwa wiki nanyanyua madumu. Nilikuja kuelezwa baadaye kwamba mchanganyiko huo ni mbaya kuliko wa mpagazi anayebeba kila siku. Mwili wake umezoea. Wangu ulikuwa umelala wiki nzima kwenye kiti cha plastiki.

Kigoma ukisema mgongo unakuuma hupewi pole peke yake, unapewa na ugonjwa. Walioanza ni wateja wa fotokopi. Wa kwanza akaniambia ni figo, ninywe maji mengi. Nikanywa, nikawa nachuchumaa mara kumi kwa siku, kila mara kilio. Wa pili akanipeleka kwenye kimaabara fulani, nikatoa mkojo, baada ya dakika ishirini majibu: UTI. Sijawahi kukutana na mtu aliyetoka pale bila UTI au taifodi. Nikameza antibayotiki siku saba, mguu ukaendelea na mambo yake. Mzee mmoja ninayeswali naye akanivuta pembeni baada ya Ijumaa, akashusha sauti: "Mwanangu, mgongo kwa mwanamume ni ngiri. Ukiichekea itakuvunjia ndoa." Akanipa chupa ya mizizi yenye rangi ya chai ya rangi na uchungu wa mwarobaini.

Shemeji yangu ndiye aliyekuwa na hoja. "Shemeji, mgongo gani huo unaouma kwenye kidole gumba?" akauliza. "Wewe umekanyaga kitu. Kuna mtu hataki hiyo fotokopi yako." Nilicheka, lakini swali lake lilikuwa zuri kuliko la kimaabara. Kwa nini kweli kidole gumba?

Mjomba wangu, fundi mstaafu wa bandarini, hakuwa na ugonjwa wa kunipa. Alinikuta nimelala sakafuni, akasimama juu yangu na bakora yake: "Meli ya Liemba walizamisha wenyewe Wajerumani 1916. Waingereza wakaitoa majini 1924, 1927 ikaanza kubeba abiria. Wewe umeinama mara moja tu, unaaga?"

Katikati ya haya yote nilikuwa mteja mkubwa wa duka la dawa. Sindano ya diklofenaki jioni, vidonge vya diklofenaki asubuhi, na mchana ibuprofeni niliyopewa na mke wa rafiki yangu. Hakuna aliyenieleza, nami sikuuliza, kwamba hizo mbili ni ndugu wa tumbo moja, na ukizichanganya huongezi nafuu, unaongeza madhara. Wiki ya pili choo kikawa cheusi kama lami. Mtu akiona hivyo ajue tumbo linavuja damu, aende hospitali saa hiyo hiyo. Mimi nilisubiri siku mbili, kwa ujinga. Na kinachonichekesha leo ni hiki: nilikuwa nakunywa maji ili kuokoa figo ambazo hazikuwa na neno, huku najidunga dawa ambayo ikizidi ndiyo inayoziharibu figo.

Aliyenifungua macho ni bibi wa mke wangu, Ujiji. Huyu bibi ni mchuaji. Wazazi wa mtaa mzima wamepita mikononi mwake, na wavuvi waliotenguka mabega humfuata. Nilipelekwa kwake kwa bajaji, nimelala ubavu kiti cha nyuma kama mgonjwa wa kipindupindu. Kaniona tu: "Haya mume wangu, leo umekuja kuchuliwa na mke mkubwa." Akatandika mkeka chini ya mwembe, akapasha mafuta ya mise kwenye sahani ya bati. Mafuta hayo kama huyajui, hutoka kwenye kokwa la chikichi, na harufu yake haitoki kwenye shati hata ufue mara tatu.

Nikalala kifudifudi. Akapitisha kidole gumba chake kando ya uti wa mgongo, taratibu, pingili kwa pingili, akafika kiunoni akasimama. Hakukandamiza. Akasogea miguuni. Akachukua pindo la kanga yake, akanipapasa nalo juu ya mguu wa kulia. "Unasikia?" Nasikia. Akapapasa wa kushoto. "Na huku?" Nikadhani hajaanza.

Akaifunika ile sahani ya mafuta.

"Mgongo huu siuchui," akasema, utani wote umemtoka. "Mguu una ganzi. Palikuwa na kijana Katonga, mgongo ulimbana hivi hivi, wenzake wakampanda mgongoni wamnyooshe kwa miguu. Usiku akashindwa kukojoa. Mpaka leo anatembea na mpira wa mkojo. Nenda hospitali." Ada yake aliichukua, lakini nusu.

Nimezungumza na watu wengi wenye shule zao kuhusu mgongo wangu, na bado naona hakuna aliyeupima kwa akili kama yule bibi na pindo la kanga.

Hospitali nilikutana na daktari kijana, mpole, ambaye hakuwa na haraka. Akanilaza chali, akaninyanyulia mguu wa kushoto ukiwa umenyooka. Haukufika nusu ya safari nikapiga kelele. Kipimo hicho hubeba jina la Lasègue, daktari Mfaransa wa karne ya 19, na hakihitaji chochote zaidi ya kitanda. Akaniambia nitembee kwa ncha za vidole, nikatembea. Nitembee kwa visigino. Mguu wa kushoto ukaanguka chini kama kofia. Akaweka kidole chake juu ya kidole gumba cha mguu wangu, akasema sukuma juu. Nikasukuma kwa nguvu zangu zote, akakishusha kwa kidole kimoja.

"Baba, kandambili inakuvuka?"

Nilishangaa. Ilikuwa wiki ya pili kandambili ya kushoto inabaki nyuma kila nikitembea, nami nimeshanunua pea mpya nikidhani ile imelegea.

Akachukua kalamu akanichorea. Uti wa mgongo una diski 23, na kila moja ni mto kati ya pingili mbili. Tano za chini ndizo zinazobeba kiuno. Kwa maneno yangu, siyo yake, diski ni kitumbua ambacho hakijaiva katikati: nje pagumu, pameshikana tabaka kwa tabaka, ndani uji mzito. Ukikibana upande wa mbele, uji unakimbilia nyuma. Ukibana siku nyingi, huku ukiinama na kujipinda, nje panachanika na uji unachungulia. Nyuma hapo ndipo ilipo mishipa ya fahamu inayoshuka miguuni. Uji haubani tu mshipa. Unauwasha pia, unavimba kama jicho lililoingia pilipili. Ubongo wenyewe haujui kwamba mshipa umeguswa kiunoni. Unachojua ni kwamba waya wa kidole gumba unapiga kelele, basi unasema kidole gumba kinauma.

Kwa hiyo shemeji alikuwa sahihi kushangaa, ila hakuna aliyetega kitu mlangoni. Zaidi ya diski tisa kati ya kumi zinazotoka kiunoni hutoka kwenye ngazi mbili za chini kabisa. Ukibanwa mshipa wa L5, yaani wa pingili ya tano ya kiuno, kama mimi, unaumia ubavuni mwa mguu hadi kidole gumba, na kisigino kinakataa kutembelewa. Ukibanwa ule wa chini yake, maumivu hupita nyuma ya ndama hadi kidole kidogo, na mtu anashindwa kusimama kwa ncha za vidole. Ndiyo maana daktari alinitembeza kama mtoto wa chekechea.

Nikamwuliza, picha je? Akasema bado. "Picha ni ramani ya mtu anayekwenda kupasua. Wewe hujafika huko." Akanifutia dawa zangu zote, akanitibu tumbo kwanza. Akasema nisilale kutwa, nitembee ninavyoweza, niende kwa fizio, mtaalamu wa tiba ya mazoezi, nirudi baada ya wiki mbili apime kidole gumba. Halafu akanishika bega. "Ila sikiliza. Mkojo ukikataa au ukitoka wenyewe, ukipata ganzi kule mtu anapokalia tandiko la baiskeli, au miguu yote miwili ikilegea, usingoje asubuhi. Hiyo ni dharura, na kila saa ina hesabu." Ni yule kijana wa Katonga.

Niliondoka na hasira. Mtu ameumia hivi halafu anaambiwa atembee? Mgonjwa ambaye hajapigwa picha hujiona amedharauliwa. Hata ndugu wanaokuja kumwona hawamwamini. Wiki ya tano, umeme umepungua lakini haujaisha, nikapanda treni kwenda Dar kwa hela yangu kupiga MRI. Nilichagua treni, daraja la pili la kulala, kwa sababu ya kitanda, basi lingeniua. Zaidi ya kilomita 1,200 nimelala naangalia dari, na kila stesheni nateremka natembea kwenye jukwaa. Sijui kama nilikuwa najitibu. Nadhani nilikuwa najitibu.

Ripoti ilikuwa kurasa mbili. Diski ya L4 na L5 imetoka kuelekea kushoto, inagusa mshipa. Diski nyingine mbili zimekauka. Viungo vya nyuma vimesagika. Nilisoma neno "kusagika" kwenye benchi la nje, nikajiona kama karanga.

Kliniki moja niliyoelekezwa wakaitazama picha dakika mbili, hawakunivua hata kiatu. Upasuaji wiki hii, ukichelewa utapooza, malipo ya awali leo. Nikampigia mke wangu, tukazungumza kuuza kiwanja cha Gungu. Alinyamaza, kisha akasema: "Tafuta daktari mwingine kwanza. Hata mashine ya fotokopi ikiharibika huwa hatumsikilizi fundi mmoja." Kiwanja kipo mpaka leo kwa sababu ya sentensi hiyo.

Daktari wa pili, mtu mzima, bingwa wa mifupa, alifanya kinyume. Picha aliiweka mezani bila kuifungua, akaniambia nivue soksi. Kidole gumba kikasukuma. Siyo sana, lakini kikasukuma. Akaniuliza wiki mbili zilizopita kilikuwaje, nikamwambia kilikuwa hakisukumi kabisa. "Basi mshipa unapona. Kisu kinaweza kungoja, na kwa mguu unaopona nisingependa kukishika."

Ndipo nikaanza kusoma, na nikasoma nimelala, kwa kuwa kukaa bado ilikuwa kazi.

Kumbe habari ya diski kutoka na kubana mshipa ni changa. Mwaka 1934 madaktari wawili wa Boston, Mixter na Barr, ndio walioandika kwamba siatika, yaani huu umeme wa mguuni, mara nyingi chanzo chake ni hicho na kwamba inaweza kupasuliwa. Kwa miaka mingi baada ya hapo, diski iliyotoka ikawa kama jino bovu, inang'olewa. Kisha mashine za MRI zikaja, na mtu akapata wazo la kuwapima watu wasioumwa. Mwaka 1994 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya watu 98 ambao migongo yao haina tatizo lolote. Wenye diski zote safi walikuwa 36 tu kwa mia. Zaidi ya nusu walikuwa na diski iliyotuna angalau moja, na 27 kwa mia walikuwa na iliyochomoza. Hawa wanacheza, wanabeba watoto, hawajui lolote.

Nilirudia kusoma hapo mara tatu. Kusagika kwangu kulianza kufanana na mvi.

Jingine ambalo kliniki ile haikunitajia: diski iliyotoka mara nyingi hunywea yenyewe. Mwili huuona ule uji uliotoka kama kitu kigeni, unatuma askari wake wanautafuna kidogo kidogo kwa miezi. Na ajabu yake, iliyochomoka kabisa hunywea vizuri zaidi kuliko ile iliyotuna tu. Picha inayotisha zaidi ndiyo yenye matumaini zaidi.

Sisemi kisu ni uongo. Uholanzi, mwaka 2007, walichapisha utafiti wa watu 283 wenye siatika kali iliyodumu wiki 6 hadi 12. Nusu wakapangiwa upasuaji mapema, nusu wakaambiwa wavumilie na watapasuliwa ikishindikana. Waliopasuliwa mguu uliwatulia haraka zaidi. Kati ya waliovumilia, 39 kwa mia waliishia kupasuliwa vilevile. Lakini ulipofika mwaka mmoja, pande zote mbili 95 kwa mia walisema wamepona. Mimi nauelewa hivi: ukiacha zile dharura, na ukiacha mguu ambao nguvu zake zinazidi kuondoka, upasuaji wa diski unanunua muda. Baba wa watoto sita anayeendesha lori la Kasulu ana sababu nzuri ya kununua muda. Mwenye fotokopi anaweza kungoja. Na kisu hutibu mguu kuliko mgongo. Aliye na mgongo mtupu unaouma miaka kumi, bila mguu, bila ganzi, asitarajie kwamba kuondoa diski kutamrudishia ujana. Upasuaji wa uti wa mgongo unafanyika hapa nchini, Taasisi ya Mifupa Muhimbili imekuwepo tangu 1996, hivyo anayeambiwa suluhisho ni ndege peke yake aulize mara mbili.

Ipo na njia ya kati: sindano ya steroidi inayochomwa karibu na mshipa uliobanwa. Humpa mtu nafuu ya wiki kadhaa, wakati mwingine zaidi, halafu inaisha. Kuna anayeihitaji ili aweze kulala na kuanza mazoezi. Mimi sikuchoma. Ile pregabalini ambayo kila mwenye mguu wa umeme anapewa siku hizi, nilimeza wiki tatu nikawa natembea kama nimelewa. Nikaja kuona kwamba Waaustralia waliipima kwa wagonjwa wa siatika mwaka 2017, haikushinda kidonge kisicho na dawa.

Niliporudi Kigoma nikaenda kwa fizio, shingo upande. Alikuwa dada mdogo, umri wa mdogo wangu wa mwisho. "Kaka, lala kifudifudi." Nikalala. "Sasa viganja chini ya mabega, sukuma kifua juu, kiuno kibaki kitandani." Nikasukuma. Nilijiona kama mjusi anavyopiga pushapu juu ya jiwe, na nilivyomwambia akacheka, jina likabaki hilo. Mjusi mara kumi, kila saa mbili. Mara ya kwanza umeme uliondoka kidole gumba ukapanda kwenye ndama. Nikaogopa. Akasema hiyo ndiyo habari njema: maumivu yakipanda kuelekea kiunoni, hata kiuno kikiuma zaidi, unakwenda vizuri. Yakishuka kuelekea mguuni, acha, zoezi siyo lako.

Zoezi hili lina kisa. Mwaka 1956, New Zealand, fizio aitwaye Robin McKenzie alimwambia mgonjwa wake alale kwenye kitanda cha tiba, akatoka. Kitanda kilikuwa kimeachwa kimeinuliwa upande wa kichwa. Mgonjwa akalala kifudifudi vile vile, mgongo umepinda kinyumenyume, jambo ambalo wakati huo lilihesabiwa kuwa hatari. McKenzie aliporudi baada ya dakika chache akashtuka. Mgonjwa akasema mguu hauumi tena, mara ya kwanza kwa wiki kadhaa. Siyo kila mtu linamfaa, lakini kwangu lilikamata. Wiki ya tisa umeme ukawa kwenye paja. Wiki ya kumi na mbili ukawa kwenye tako. Siku moja natoka msalani nikagundua nimefika chumbani na kandambili zote mbili.

Hapa inanipasa kumtaja jirani yangu, kwa ruhusa yake. Naye alikuwa na mgongo, miezi mitano, na aliponiona nimepata nafuu akaanza kufanya mjusi. Mgongo wake ulikuwa tofauti. Ulimuuma zaidi usiku, hata akiwa hajageuka. Alikuwa anatoka jasho mpaka shuka linaloa, suruali zinamvuka. Sote tulisema mawazo. Ilikuwa kifua kikuu cha uti wa mgongo, na pingili moja ilishaanza kuliwa. Huku kwetu TB ipo, na mgongo ni mahali inapopenda kujificha. Pia wenye kunywa maziwa mabichi wanaweza kupata homa ya brusela, nayo huweza kukimbilia kiunoni. Mgongo wenye homa, wenye kukonda, wa mtu aliyewahi kuugua saratani, wa mzee aliyeanguka: huo usiupeleke kwa mjusi wala kwa mchuaji. Dawa za TB anapata bure, anameza bado.

Mguu ulipopona, nikabaki na mgongo. Huu ndio mwaka wa kuchosha ambao hauna hadithi. Maumivu madogo, ya kila siku, kama redio ya jirani. Nilinunua mkanda wa kiuno wenye vyuma, nikauvaa miezi minne, nikawa siwezi kuokota kalamu bila kuuvaa. Naokota vitu kwa kupiga magoti kama kuhani. Mwanangu wa mwisho nikaacha kumbeba. Fizio akanikuta hivyo akaniuliza: "Kaka, unaumwa au unaogopa?" Nilimjibu vibaya.

Mwishoni mwa 2023 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wake wa maumivu sugu ya kiuno, na huo nilimwonyesha mke wangu. Mikanda wanasema isitumike kama tiba ya kawaida. Kuvutwa na mashine vilevile, na dawa kali za jamii ya mofini. Wanachokubali ni mazoezi, kumweleza mgonjwa hali yake, kumsaidia na hofu yake, dawa za aina ya ibuprofeni kwa tahadhari, na kuchuliwa. Bibi wa Ujiji yumo! Shirika hilo hilo linataja watu milioni 619 wenye maumivu ya kiuno duniani mwaka 2020, kwa hiyo sikuwa nimerogwa peke yangu.

Mkanda nikamuuzia mtu, najuta kidogo. Kaunta ya fotokopi nikaiinua juu ya matofali ili nifanye kazi nimesimama, na kiti cha plastiki sasa ni cha wateja. Mswidi mmoja, Nachemson, miaka ya 1960 alichoma sindano kwenye diski za watu hai akapima shinikizo, akakuta ukikaa umeinamia mbele diski inabanwa kuliko ukisimama. Nikiwa nachapa mitihani ya shule nilikuwa nakaa hivyo saa sita. Na jioni natembea hadi Kibirizi kuangalia mitumbwi ya dagaa inavyojiandaa na taa zake, narudi. Nilianza hivyo kwa sababu ya upepo wa ziwa. Mwaka 2024 Waaustralia wakachapisha utafiti wao: watu 701 waliotoka kupona mgongo, waliopangiwa kutembea kwa kawaida walikaa siku 208 kabla ya kuumwa tena, ambao hawakupangiwa siku 112. Pande zote mbili, wengi bado waliumwa tena. Mimi pia nimeshaumwa mara mbili. Siku tatu, nne, mjusi, natembea, inapita.

Madumu madogo nabeba. Nasogea karibu, nakunja magoti, dumu linagusa tumbo, nikitaka kugeuka nageuka kwa miguu. Lita 20 bado namwachia dereva, hapo fizio anaweza kunicheka.

Mwezi uliopita tulikwenda Ujiji kumsalimia bibi. Tukamkuta ameshika kiuno, amepinda kama nilivyokuwa mimi aliponipokea siku ile. Miaka hamsini ya kuwainamia watu mkekani. Nikampapasa juu ya miguu kwa pindo la kanga yake, kushoto na kulia, anasikia. Nikamwuliza mkojo, akanitukana. Homa hana. Basi nikatandika mkeka chini ya mwembe, nikamwambia alale kifudifudi, viganja chini ya mabega.

"Nisukume juu?"

"Sukuma, bibi. Kiuno kibaki chini."

Akasukuma, fundo la kanga likafunguka, kuku wakakimbia. Akabaki hapo juu, shingo ndefu, anaangalia barabara. "Mume wangu," akasema, "watu wanaopita hapo wanatuona?"